Cheti wanacho, simu ndiyo haiji: Mafundi wanawake na mijengo ya Karen

Vyuo na karakana za Nairobi zinatoa mafundi wanawake. Wanakokwama ni pale kazi za ujenzi zinapogawanywa, na mwenye uwezo mkubwa wa kubadilisha mgao huo ni yule anayelipia nyumba.

Kabla ya saa moja asubuhi, nje ya geti la mjengo wowote mkubwa wa mtaa wa Karen, Nairobi, huwa pana watu wanaongoja. Wengine wametoka Kuwinda, kijiji cha mabati kilicho ndani ya Karen yenyewe. Wengine wamedamka Kibera, Kawangware, Ngong au Ongata Rongai na kutembea ili kuokoa nauli. Fomani hutoka na daftari, akatazama nyuso, akaanza kuchagua. Mafundi wa mawe, wa vyuma na wa plasta hawamo katika kundi hilo. Wao walipigiwa simu tangu jana jioni, na geti hufunguliwa wapite. Wanaosimama nje ni watu wa mkono, wale wa kubeba, kuchanganya, kuchota na kuinua.

Wanawake wamo humo. Atakayebahatika atapewa karai la mchanga, au ndoo ya kumwagilia ukuta uliojengwa jana usikauke upesi ukapasuka. Atakayekosa atamuuliza mama wa chakula kama leo anahitaji msaidizi wa kupika githeri.

Kumwona mwanamke mjengoni, basi, si ajabu tena Nairobi. Ajabu ni kumwona ameshika mwiko. Na kati ya karai na mwiko pana tofauti kubwa ya mfuko. Fundi kwa kawaida hupata takriban mara mbili ya ujira wa mtu wa mkono, kwa siku ile ile na chini ya jua lile lile. Zaidi ya hayo, fundi huitwa tena. Kazi ikiisha Karen atatafutwa kwa ajili ya Runda, Syokimau au Kitengela, ilhali mtu wa mkono hulipwa jioni na kusahauliwa.

Kila mwaka husikika wito kwamba wasichana wahimizwe kusomea ufundi. Ni wito mzuri, ila umechelewa. Wapo waliokwisha kuhimizwa, wakasoma, wakatahiniwa, wakafaulu. Swali la sasa ni nani atawapa ukuta wa kupiga plasta.

Kujenga kulipoanza kulipwa

Kuna imani kwamba ujenzi ni kazi ya wanaume tangu jadi. Karen ni mahali pazuri pa kuipima imani hiyo.

Ng'ambo ya Mto Mbagathi, unaotenganisha upande huu wa Nairobi na Kajiado, ni nchi ya Wamaasai. Kwa Wamaasai nyumba hujengwa na mwanamke. Ndiye anayekata fito, anayezichomeka ardhini na kuzikunja ziwe paa, anayekandika kwa samadi na udongo, na ndiye anayepanda juu kuziba mvua ikivuja. Kwa Wakikuyu, waliopakana nao upande wa pili, wanaume walisimamisha nguzo na wanawake wakaleta nyasi za kuezekea na kukandika kuta. Magharibi mwa Kenya ukuta wa udongo hadi leo ni mikono ya akina mama, na Pwani makuti yanayoezekwa na wanaume husukwa na wanawake. Kila jamii ilikuwa na mgao wake, na katika kila mgao mwanamke alikuwa na sehemu ya nyumba ambayo bila yeye isingesimama.

Kisha yakaja mawe ya kuchonga, saruji na mshahara. Reli ya Uganda, iliyojengwa kuanzia mwaka 1896, ilileta mafundi kutoka Bara Hindi. Mwaka 1924 serikali ya kikoloni ilifungua chuo cha ufundi huko Kabete, upande huu huu wa magharibi wa Nairobi, ambacho leo ni Kabete National Polytechnic. Kilianzishwa kuwafunza vijana wa Kiafrika uashi, useremala na uhunzi, na vijana hao walikuwa wavulana. Nyumba aliyokuja kuishi mwandishi Karen Blixen, iliyojengwa mwaka 1912 na mhandisi Msweden Åke Sjögren, ilikuwa ya mawe. Shamba lake la kahawa lilipofilisika mwaka 1931, ardhi ilikatwa viwanja vya makazi, na nyumba zilizofuata zikawa za mawe vile vile, kazi ya mafundi wa kulipwa.

Kwa hiyo mwanamke hakuondoka katika ujenzi kwa sababu mikono yake ilishindwa. Ujenzi ulipogeuka kuwa kazi ya mshahara yenye chuo na cheti, mlango wa chuo ulifunguliwa upande mmoja tu.

Hata hivyo wanawake hawakukaa kitako. Baada ya uhuru, katika miaka ya 1960, wanawake wa uliokuwa Mkoa wa Kati waliunda vikundi vilivyokuja kujulikana kama vikundi vya mabati. Walilima vibarua pamoja na kuchanga, wakanunua mabati, wakavua nyasi katika paa la mwanachama mmoja baada ya mwingine. Kuinama ndani ya moshi wa nyumba inayovuja kuliwachosha, na hawakungoja mtu aje awaezekee. Mapaa hayo yalibadilisha sura ya vijiji vizima. Ila historia yao huandikwa chini ya maendeleo ya akina mama, na ni nadra kuikuta chini ya ujenzi.

Wanaojua kazi wapo

Njia ya kuupata ufundi leo si siri. Vyuo vya kiufundi vya serikali viko karibu kila kona ya nchi na vinapokea wasichana. Mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, NITA, hutoa mitihani ya ufundi kwa gredi tatu, kuanzia Gredi ya Tatu hadi ya Kwanza, na aliyejifunza kazi mjengoni bila kupita darasani anaweza kuifanya. Mamlaka ya kitaifa ya ujenzi, NCA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, huwasajili mafundi na wasimamizi wa mijengo pamoja na wanakandarasi. Ndani ya Karen kipo chuo cha ufundi cha viziwi, Karen Technical Training Institute for the Deaf. Kuwepo kwake kunakumbusha kwamba msichana kiziwi anayetaka kuwa fundi ana vizingiti viwili vya kuruka.

Kisha kuna Buildher, shirika lililoanzishwa Nairobi mwaka 2018, ambalo mmoja wa waasisi wake ni msanifu majengo Tatu Gatere. Huwachukua wanawake vijana kutoka mitaa ya mabanda na kuwafunza useremala na kazi za kumalizia nyumba. Upekee wake ni kwamba halikuishia kwenye darasa. Lina karakana inayouza samani na kazi za mbao kwa wateja, ili anayefunzwa azoee kipimo cha soko. Mteja anayengojea kabati lake hasikilizi maelezo kwamba fundi bado ni mwanafunzi.

Atakayetaka kujua ufundi huu unadai nini hasa, na autazame mlango mmoja ukipachikwa. Mlango wa mbao ngumu wa nyumba ya Karen ni mzito, na ndio mfano unaopendwa na wanaosema kazi hii inataka misuli. Fundi haanzi kwa kuuinua. Huanza kwa kuipima fremu juu, katikati na chini, maana ukuta wa mawe haukosi kupinda kidogo, kisha huijaribu kwa timazi. Huupiga mlango randa ubavuni mpaka ubaki upenyo wa milimita mbili au tatu kila upande. Ndipo huchukua patasi na kuchimba kitako cha bawaba, kina chake kikiwa sawa na unene wa bati lake. Akichimba mno, mlango utabana upande wa bawaba na kujirudisha kila ukifungwa. Akichimba kidogo, utaacha mwanya unaoonekana kutoka sebuleni. Uzito wenyewe hubebwa na kabari mbili zilizopigwa chini ya mlango huku skrubu moja moja ikitiwa katika kila bawaba. Mlango hufungwa na kufunguliwa, husikilizwa, na ukikubali ndipo skrubu zilizobaki hukazwa. Kilichofanya kazi hapo ni jicho, kipimo na subira.

Ngazi za juu za fani hii nazo zimeanza kuzoea wanawake. Mwaka 2017 Emma Miloyo alichaguliwa kuwa rais wa kwanza mwanamke wa chama cha wasanifu majengo nchini, na baada yake wamefuata wengine. Leo mwenye kiwanja Karen anaweza kuchorewa nyumba na mwanamke, akakadiriwa gharama na mwanamke, na asimwone hata mwanamke mmoja akiijenga, isipokuwa yule mwenye karai.

Ukuta wa nyuma

Ili kuelewa pengo hilo lilivyotokea, tazama jinsi fundi anavyozaliwa mjengoni. Mafundi wengi wa Nairobi hawakupita chuoni. Waliingia wakiwa watu wa mkono, wakimpelekea fundi udongo, yaani ule mchanganyiko wa saruji na mchanga, na kumtazama. Siku moja fundi alipoenda kula, kijana akaokota mwiko akajaribu. Fundi aliporudi alimkemea kidogo, akamsahihisha, kisha akamwonyesha ukuta wa nyuma, ule wa stoo au wa nyumba ya wafanyakazi, ambao mwenye mali hatautazama sana. Kijana akaharibu, akabandua, akarudia. Baada ya kuta kadhaa za nyuma alipewa ya mbele, na siku ya malipo jina lake likahamia safu ya mafundi.

Ukuta huo wa nyuma ndio chuo kikuu cha mjengo, na wanawake hawapewi. Saa ya chakula, kijana anapojaribu mwiko, mwanamke ametumwa kuleta chai au kufagia vipande vya vigae. Anaweza kufanya kazi ya mkono miaka kumi, akajua vipimo vya udongo kuliko fundi aliye juu ya jukwaa, na bado daftari likamwandika vile vile lilivyomwandika siku ya kwanza.

Aliyepita chuoni hukutana na kizuizi kingine. Mjengoni kazi hugawanywa kwa vipande. Mwanakandarasi humkabidhi mtu mmoja plasta yote, mwingine vigae, mwingine dari ya jipsamu, mwingine rangi. Kila mmoja wa hao ana vijana wake, wengi wakiwa wa kijiji kimoja au wa ukoo mmoja, na huwaita kwa simu. Hakuna tangazo na hakuna mahojiano. Cheti hakiulizwi, kwa sababu anayeitwa anajulikana. Mwanamke mwenye Gredi ya Pili ya NITA hana mahali pa kukipeleka cheti chake. Akifika getini huonekana mtu wa mkono kama wenzake, na akisema yeye ni fundi atajibiwa kwa swali linalofahamika katika kila mjengo: "Mama, utaweza kweli?"

Akibahatika kuingia, hupimwa kwa namna ambayo wenzake hawapimwi. Mwanamume akiharibu kigae, kigae kimeharibika. Mwanamke akiharibu kigae, wanawake hawawezi vigae.

Halafu kuna jambo linalosemwa kwa sauti ya chini. Fomani anayeamua nani aingie na nani abaki nje ana mamlaka makubwa juu ya mtu ambaye chakula cha jioni cha watoto wake kinategemea kuitwa. Wapo wanaoyatumia mamlaka hayo kudai rushwa ya mwili. Mwanamke akikataa, siku inayofuata jina lake halisomwi, na hana pa kulalamika kwa kuwa hakuwa na mkataba wowote uliovunjwa.

Sheria zinazokoma getini

Mtu anaweza kudhani tatizo ni upungufu wa sheria. Kenya inazo. Mwaka 2007 zilipitishwa kadhaa kwa mpigo. Sheria ya Ajira inakataza ubaguzi wa kijinsia na kuamuru malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Inamtaka mwajiri mwenye watu 20 au zaidi awe na sera ya maandishi dhidi ya unyanyasaji wa kingono, na inampa mwanamke likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye malipo kamili. Sheria ya usalama na afya kazini inataka vyoo vya kutosha, na pale wanapofanya kazi wanaume na wanawake kila upande uwe na chake. Ile ya fidia inamlinda anayeumia kazini.

Zote hizi humchukulia mfanyakazi kuwa mtu anayejulikana na mwajiri anayejulikana, ilhali mjengo huendeshwa kwa vibarua. Mtu wa mkono huajiriwa asubuhi na kuachwa jioni, na mwajiri wake ni nani? Mwenye nyumba humwonyesha mwanakandarasi, naye humwonyesha mwenye kipande cha plasta, na huyo humwonyesha fomani. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira kinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zisizopungua mwezi mmoja apate haki za mwenye mkataba. Wanaokijua huhakikisha mwezi haufiki. Likizo ya uzazi ya miezi mitatu ni ndoto kwa anayelipwa kwa siku. Tumbo likianza kuonekana, ameachishwa bila mtu kutamka neno.

Choo kinafaa kutajwa peke yake, maana wanaopanga mijengo hukiona jambo dogo. Mijengo mingi huchimba shimo moja, likazungushiwa mabati yasiyo na komeo. Wanaume huzoea hata ukuta wa nyuma. Mwanamke hupunguza kunywa maji tangu asubuhi ili asihitaji kwenda, juu ya jukwaa, juani. Akiwa katika hedhi huona afadhali asije kabisa. Siku hizo zikihesabiwa huitwa uvivu, na mabati manne na komeo vingezimaliza.

Serikali ilijaribu pia njia ya zabuni. Tangu mwaka 2013, asilimia 30 ya ununuzi wa serikali imetengewa kampuni za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Mpango huo umewafungulia wengi milango ya biashara. Lakini humtazama mwenye kampuni, haumtazami mwenye mwiko. Kampuni inayomilikiwa na mwanamke inaweza kushinda zabuni ya kujenga darasa na kulijenga kwa mafundi wanaume watupu, nayo itahesabiwa kuwa imetimiza lengo. Vivyo hivyo nyumba za bei nafuu, zinazogharimiwa kwa tozo ya asilimia 1.5 ya mshahara chini ya sheria ya mwaka 2024. Wafanyakazi wanawake wanakatwa tozo hiyo kila mwezi, hivyo wana haki ya kuuliza ni wanawake wangapi walioshika mwiko katika nyumba hizo.

Wengine walifanya nini

Marekani ilijaribu kuhesabu. Mwaka 1978 serikali yake iliweka lengo kwamba katika miradi ya ujenzi inayogharimiwa na fedha za umma, asilimia 6.9 ya saa za kazi ziwe za wanawake. Wazo lilikuwa zuri kwa sababu lilihesabu saa za kazi, ambazo ni vigumu kuzigeuza maneno. Hata hivyo usimamizi ulilegea, na karibu nusu karne baadaye wanawake bado ni takriban asilimia nne tu ya mafundi wa mijengo nchini humo. Lengo lisilokuwa na mtu wa kulifuatilia huzeeka kwenye karatasi.

Uingereza inafundisha somo la kumbukumbu. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, wanaume wakiwa vitani, wanawake wengi walifanya kazi ya kulijenga upya daraja la Waterloo jijini London. Lilipofunguliwa rasmi mwaka 1945, waziri Herbert Morrison aliwasifu wanaume waliolijenga. Ilichukua miongo na juhudi za wanahistoria kabla ya kazi ya wanawake hao kutambuliwa. Vita vilipoisha walirudishwa nyumbani, na kwa kuwa hawakuandikwa popote, binti zao walianza upya kana kwamba hakuna aliyewatangulia.

Karibu na kwetu, chama cha wasanifu majengo wanawake wa Tanzania, TAWAH, kikiongozwa na Victoria Marwa Heilman, kimewafunza wanawake wa vijijini kujenga nyumba kwa mikono yao. Uganda, kampuni ya Smart Havens Africa ya Anne Rweyora huwatumia wanawake katika kujenga nyumba za gharama nafuu. Kama Buildher, wote hawa wanajua kwamba mafunzo hushika yakiambatana na kazi halisi yenye mteja.

Karen yenyewe ina ushahidi wa jambo hilo, ingawa si wa ujenzi. Mwaka 1975 Susan Wood alianzisha hapa Kazuri, karakana ya shanga za udongo, akiwa na wanawake wawili. Leo Kazuri huajiri mamia, wengi wao wakiwa akina mama wanaolea watoto peke yao, na shanga zao huuzwa nchi nyingi. Wanawake hao hufinyanga, huchoma tanuruni na kupaka rangi, kazi za mikono zenye vumbi na joto. Hakuna anayewauliza kama wataweza, maana oda huja na mishahara hulipwa. Kilichoifikisha Kazuri nusu karne ni soko lililodumu.

Mwenye nyumba ana nguvu kuliko anavyodhani

Hapa ndipo msomaji anayejenga, awe Karen au kwingine, anapoingia. Wizara inaweza kutoa waraka, chuo kinaweza kutoa cheti, ila mjengoni neno linalosikika mara moja ni la anayelipa. Akitaka marumaru kutoka Italia, huletwa. Akitaka geti lihamishwe mita mbili, huhamishwa. Hajawahi kuambiwa kuwa anaweza pia kutaka mafundi wanawake, kwa hiyo hajataka.

Anaweza kuanzia kwenye mkataba. Amwagize msanifu na mkadiriaji gharama waandike kwamba sehemu fulani ya kazi ya ufundi ifanywe na wanawake wenye cheti cha NITA au waliosajiliwa na NCA, kwa malipo yale yale ya fundi. Iandikwe kabla ya bei kukubaliwa, ili isiwe ombi la hisani baadaye. Na isiwe ya kusukumia wote kwenye rangi, kisingizio kikiwa kwamba ni kazi nyepesi. Plasta, vigae, mabomba, umeme na useremala ndiko kuliko na ujira.

Jambo la pili ni daftari. Kila mjengo una masta roli, orodha ya waliofanya kazi siku hiyo na walicholipwa. Mwenye nyumba aiombe kila anapolipa awamu, na asitosheke na idadi ya wanawake waliomo. Atazame wako safu gani. Wanawake wanane katika safu ya mkono na hakuna hata mmoja katika safu ya mafundi ni jibu tosha. Kisha aulize nani ameonyeshwa ukuta wa nyuma mwezi huu. Fomani akijua ataulizwa, atamwita yule mama mwenye ndoo aje ashike mwiko.

Jambo la tatu ni vitu vidogo vya bei ndogo: choo chenye komeo, mahali pa kubadilishia nguo, buti na glavu za saizi yake. Buti la saizi tisa kwenye mguu wa saizi tano halimkingi mtu, litamwangusha. Iwepo pia namba ya simu ya mtu asiyekuwa fomani, ambaye mwenye lalamiko anaweza kumpigia.

Watakaopinga watataja mfuko wa saruji. Ni kweli, una kilo 50, na wanawake wengi hawataubeba siku nzima. Na wanaume je? Waulize mafundi wenye umri wa miaka 50 habari za mgongo. Uingereza, saruji huuzwa kwa mifuko ya kilo 25, kwa sababu waliona uzito ule unawalemaza hao hao wanaume wenye nguvu. Gari la mkono, kapi na kamba vimekuwepo miaka mingi, ila bega la kibarua limekuwa rahisi kuliko vyote. Mjengo uliopangwa vizuri ili mwanamke afanye kazi utakuwa mjengo usiomzeesha mwanamume kabla ya wakati wake.

Watasema pia kwamba mwanamke atapata mimba aiache kazi katikati. Vipande vingi vya umaliziaji huchukua wiki, havichukui miaka. Na fundi mwanamume naye huacha kazi katikati, aitwapo mjengo mwingine unaolipa mia mbili zaidi. Mwenye nyumba yeyote wa Nairobi analo simulizi la fundi aliyetoweka na deposti. Hakuna aliyehitimisha kutokana na hilo kwamba wanaume wasiajiriwe.

Wahenga walisema Mgala muue na haki yake mpe. Wanawake hawa hawaombi kupunguziwa kipimo. Plasta yao ipimwe kwa pimamaji lile lile, mlango wao ufungwe mara kumi, kigae chao kigongwe kusikia kama kina uwazi chini yake. Wakifaulu, walipwe kama fundi na namba yao ihifadhiwe kwenye simu ya fomani, ili jioni ya kazi ijayo wapigiwe kama wenzao. Ukuta hauonyeshi ulijengwa na nani. Masta roli huonyesha, na mwenye haki ya kuifungua ni anayelipa.